Askari wa Akiba wa Pale Kinuni

Chepngeno alikuwa na tabia moja iliyowakera wateja wake. Kinu kikiwa kimeshika kasi, mkanda unazunguka, unga unamiminika guniani, hunyoosha mkono ghafla akazima injini. Kisha hutoka nje na aproni yake nyeupe, akasimama katikati ya barabara ya vumbi, akainua shingo kama paa aliyenusa chui. Dakika moja, mbili. Halafu hurudi ndani na kuiwasha tena kwa shida, maana injini ile ya dizeli ilikuwa na maringo.

"Mama Kinu, kuna nini tena?" huuliza wale waliokaa juu ya madebe yao ya mahindi.

"Hakuna. Nasikiliza tu."

Alichokuwa akisikiliza ni nduru. Sirwet ni kijiji cha mwisho mwisho, ukishaipita Rongai na kuacha lami, pale mashamba ya mahindi yanapoishia na nchi kuanza kuteremka kuelekea vichaka na makorongo. Ng'ombe wa Sirwet walikuwa wakiibwa, tena mchana kweupe, na gari la polisi lilichukua saa nzima kufika kiangazi, na wakati wa mvua halikufika kabisa. Ndiyo maana serikali ikawapa silaha watu tisa wa pale pale kijijini wawe polisi wa akiba. Hawakuwa askari. Walikuwa wakulima, fundi wa baiskeli mmoja, mwalimu wa chekechea, na Chepngeno mwenye kinu. Hawakulipwa. Kila mmoja alipewa bunduki na risasi, na kanisa likawachangia filimbi na majaketi ya manjano kama ya watu wa bodaboda ili wajuane wakiwa vichakani. Mwizi akija, wao ndio wa kwanza kutoka, mpaka polisi wenyewe wafike.

Chifu aliwachagua kwa hesabu ambayo hakuna aliyeitaja kwa sauti. Mwaka ule wa uchaguzi mbaya, barabara hiyo hiyo ipitayo mbele ya kinu iligeuka mpaka. Watu wa juu ya barabara na watu wa chini, kabila hili na lile, walichomeana nyumba. Miaka imepita, nyumba zimejengwa upya, watu wanaazimana majembe na kuzikana, lakini mpaka ule bado upo katika macho ya watu. Basi chifu akachukua wanne wa juu na wanne wa chini. Juu yao akamweka Sitati, koplo mstaafu kutoka Bungoma aliyenunua ekari mbili pale, mtu asiyehesabiwa wa juu wala wa chini. Kiarie, jirani wa ng'ambo ya barabara, alikuwa wa chini. Chepngeno alikuwa wa juu. Yeye ndiye mwanamke pekee, na aliingia kwa sababu baraza lilipoulizwa ni mama gani ataweza, wanaume walicheka, na kicheko kile kikamuinua alipoketi kabla hajafikiri.

Hilo lilikuwa miaka minne iliyopita. Tangu siku hiyo hakutulia. Bunduki ilikaa katika sanduku la chuma nyuma ya chumba cha unga, na ufunguo ulikaa shingoni mwake, na kila baada ya muda mfupi mkono ulipanda wenyewe kuupapasa. Kanisani alikaa benchi la nyuma karibu na mlango. Akioga, alioga upesi. Mumewe, Kipketer, aliyefanya kazi machimboni Kariandusi na kurudi nyumbani mwisho wa mwezi akiwa mweupe kwa vumbi la mawe, alimwambia siku moja, "Mimi nimeoa mke au nimeoa kengele?" Walicheka wote wawili. Lakini alikuwa amesema kweli.

Na kulikuwa na jambo ambalo Chepngeno hakumwambia Kipketer, wala Sitati, wala mtu yeyote. Alipozima injini na kutoka nje kusikiliza, injini haikuzimika. Iliendelea ndani ya kichwa chake, mlio mwembamba kama wa mbu aliyekwama sikioni. Miaka kumi na minne ya kinu ilikuwa imemla masikio polepole, jinsi panya anavyokula gunia, kutoka upande usioonekana. Filimbi aliisikia ikiwa karibu sana. Ndege hakuwasikia tena. Maneno ya watu aliyasoma midomoni, na kwa kuwa kinuni kila mtu hupiga kelele na kuonyesha kwa vidole anataka kusagiwa gorogoro ngapi, ile mikebe ya kupimia, hakuna aliyegundua. Kwa hiyo alitoka nje mara nyingi zaidi, akasimama muda mrefu zaidi, akitumaini kwamba macho yatafanya kazi ya masikio.

Jumanne moja ya Agosti, mahindi yakiwa yamempita mtu kimo, simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Ujumbe ulikuwa wa Sitati: ng'ombe watatu wa mzee Mburu wametolewa malishoni, nyayo zinaelekea korongoni, kuja haraka. Chepngeno alizima kinu. Wateja walipomwona anafungua sanduku walisimama wote, na mama mmoja akaanza kuomba.

Alikutana na Sitati penye daraja la miti. Mzee yule alikuwa na miaka sitini na mbili na goti bovu, lakini akili yake ilikuwa bado ya kambini.

"Kiarie na wengine wawili wameingia kwa chini," alisema, akimtazama usoni kama alivyozoea kufanya na kila mtu. "Sisi tunashuka na ukingo wa shamba. Wakitoka, watatokea kwetu. Usikimbie ukaniacha."

Chepngeno akakimbia, akamwacha. Miguu haikumngoja. Alishuka na ukingo wa mahindi ya Mburu, bunduki kifuani, majani yakimkwangua mikono, na moyo ukipiga kwa nguvu hata akauona ukidunda kwenye jaketi. Mbele yake, hatua kama arobaini hivi, mahindi yalitikisika. Alipiga goti moja. Ikatoka pembe, kikatoka kichwa cha ng'ombe mwekundu, na nyuma yake mwanamume mwenye koti la kahawia, ameinama, ameshika kamba.

"Simama! Simama hapo hapo!"

Mwanamume alisimama. Uso wake ulikuwa nyuma ya shingo ya ng'ombe. Chepngeno alifungua kizuizi cha usalama cha bunduki.

"Wewe ni nani? Jitaje!"

Kimya. Mlio ule mwembamba, basi, hakuna kingine. Ng'ombe alirusha kichwa. Mkono wa yule mtu ukapanda juu, na mkononi mlikuwa na kitu kirefu.

"Jitaje!"

Kimya. Kidole kikaanza kubana.

Kitu kilimgonga begani. Mtutu uliruka juu, risasi ikatoka ikaenda zake mbinguni, na mlio huo Chepngeno aliusikia vizuri, ulimpasua kichwa. Sitati alikuwa amemwangukia, anahema, uso umekunjamana kwa maumivu ya goti, na midomo yake inasema neno moja tena na tena. Ilimchukua muda kulisoma. Alikuwa anasema, "Kiarie. Kiarie. Ni Kiarie."

Ng'ombe alikuwa amekimbia. Kiarie alikuwa amelala kifudifudi kati ya mistari ya mahindi, mikono kichwani, hatikisiki. Chepngeno alitambaa kumwendea, na katika hatua zile arobaini aliamini kwamba amemuua. Alipomgusa mgongoni, Kiarie aligeuka, uso wote udongo, akamtazama kama mtu anayemtazama mgeni. Karibu naye palikuwa na filimbi na fimbo ile aliyoinua; bunduki yake ilikuwa bado chini ya koti. Jaketi lake la manjano, mkewe alikuwa amelifua asubuhi ile. Lilikuwa juu ya ua wa nyumba yao, likikauka.

"Nimekuambia mara tatu," alisema Kiarie. "Mama Kinu, mimi Kiarie. Mara tatu."

Chepngeno aliona midomo ikisema.

Ng'ombe wawili walipatikana. Wa tatu hakuonekana tena, wala wezi. Jioni Sitati aliandika taarifa ya risasi iliyotumika, maana kila risasi ya serikali lazima ielezwe, na akamsomea kwa sauti ya juu: mlinzi alijikwaa kwenye mzizi, silaha ikafyatuka, hakuna aliyeumia. "Inspekta anakuja Ijumaa," alimwambia. "Utasema hivyo hivyo. Ulijikwaa. Mtu yeyote anaweza kujikwaa."

"Na Kiarie atasema nini?"

"Kiarie ni mtu mwema. Atanyamaza."

Kiarie alinyamaza. Wengine je? Kufikia Jumatano habari ilikuwa imevuka barabara na kurudi mara kumi, na kila ilipovuka iliongeza mguu. Huku chini walisema mwanamke wa juu alimlenga mtu wa chini akimjua, akasikia jina lake mara tatu, akafyatua. Huku juu walisema Kiarie alikutwa na ng'ombe wa wizi, ndiyo maana hakutaka kujitaja. Chepngeno aliyasoma hayo midomoni mwa wateja waliodhani wananong'ona. Alhamisi hawakuja wateja wa chini hata mmoja. Walipitisha punda wao mbele ya kinu, mahindi mgongoni, wakaenda kusaga kituo cha pili, kilomita sita.

Hakuweza kukaa. Alifagia kinu mara mbili, akatoa mkanda, akaurudisha. Alienda kuchota maji akiwa na maji. Alimpigia Kipketer simu, akashindwa kumsikia vizuri, akasema mtandao ni mbaya, akakata. Mwishowe alifunga mlango akavuka barabara, akateremka mpaka kwa Kiarie.

Kiarie hakuwepo. Mkewe, Wariara, alikuwa anakata majani ya napia pembeni mwa boma. Alimwona Chepngeno langoni na hakumkaribisha. Hakumfukuza pia.

"Nimekuja kuongea na wewe, Mama," alisema Chepngeno.

Wariara alimpa mgongo akaendelea kukata. Panga lilipanda na kushuka. Mabega yake yalionyesha kwamba anaongea, lakini maneno hayakufika.

"Umesema?"

Panga likasimama kidogo, kisha likaendelea. Mabega yakasema tena kitu.

"Sijasikia. Umesema aje?"

Mara ya tatu Wariara aligeuka kwa hasira, panga mkononi, mdomo umejaa. "Nimekuuliza kama ulimsikia akijitaja! Nimekuuliza mara tatu kama..." Akaishia hapo. Alimtazama Chepngeno usoni, akaona jinsi macho yake yalivyoganda kwenye midomo. Taratibu, akafunika mdomo kwa kiganja, akasema kitu nyuma ya kiganja kile.

Chepngeno alikitazama kiganja tu.

Wariara alishusha mkono. "Wewe husikii," alisema.

"Nasikia kidogo."

"Husikii! Nimekuuliza jina la baba yako, umenitazama tu." Panga lilianguka kwenye napia. "Toka lini?"

"Sijui. Pole pole. Labda miaka mitatu."

"Miaka mitatu! Na umebeba bunduki miaka mitatu, unatembea nayo nyuma ya bwana yangu." Sasa machozi yalikuwa yanamtoka, ya hasira, si ya huruma. "Mimi siku mbili nalia nikifikiri jirani yangu alitaka kuniulia mtu wangu kwa sababu ya kabila. Kumbe ni kwa sababu ya haya. Aibu ya masikio! Unajua ni gani mbaya zaidi? Mimi sijui."

Chepngeno alisema pole. Lilikuwa neno dogo sana, akalijua hivyo likiwa bado mdomoni.

"Usiniambie mimi pole," Wariara alisema, akiinama kuokota panga. "Enda uwaambie hao wanasema Kiarie ni mwizi."

Ijumaa Inspekta alifika na gari, akakaa ofisini kwa chifu, daftari mezani. Nje watu walijaa, wa juu upande huu wa uwanja, wa chini upande ule, kama waliogawanywa kwa rula. Sitati alitoa taarifa yake kwanza, ya mzizi na kujikwaa. Kisha akaitwa Chepngeno. Aliingia na bunduki begani, akaishusha, akatoa risasi zote, akazipanga mezani, akavua na ufunguo shingoni akauweka juu ya risasi.

"Sikujikwaa, afande," alisema. Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wa kinuni, na dirisha lilikuwa wazi. "Kiarie alijitaja mara tatu. Mimi sikusikia. Masikio yangu yameharibika na nimeficha. Kiarie alikuwa anarudisha ng'ombe. Kosa ni langu."

Inspekta, kijana mwenye miwani, aliacha kuandika. Alimtazama yeye, akamtazama Sitati. "Na mzizi, koplo?"

Sitati alisimama wima, mikono kando, kama siku zake za kazi. "Hakukuwa na mzizi, afande."

Uongozi alinyang'anywa siku hiyo hiyo, akaachiwa bunduki kwa onyo. Alipotoka nje alipita karibu na Chepngeno bila kumtazama. Mtu aliyemsukuma mtutu, aliyemwokoa asiwe muuaji, ndiye aliyeaibishwa mbele ya kijiji kizima kwa kumtetea. Jambo hilo lilimuuma Chepngeno kuliko kuachia silaha. Alimwendea nyumbani Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada, na mara zote mbili mlango ulikuwa wazi na mzee "ametoka".

Kipketer alirudi mwisho wa mwezi, akamsikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilidhani umechoka na mimi," alisema. "Nikikuita, hugeuki." Jumatatu hakurudi Kariandusi. Alimpeleka Nakuru, hospitalini, wakapanga foleni tangu asubuhi. Walimkalisha katika kachumba kadogo, wakamvisha vitu vya masikioni, wakamwambia abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Alikaa, kidole tayari, macho kwenye kioo. Alingoja. Alibonyeza mara tatu, nne. Alimpungia mkono dada aliyekuwa nyuma ya kioo: muanze sasa.

Mlango ulifunguliwa. "Tumemaliza, mama," alisema yule dada taratibu, midomo ikionekana.

Kilichoharibika hakitarudi, daktari alieleza, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Wakampa vizibo vya masikio vya kuvaa kinuni, na barua ya kungojea kifaa cha kusaidia kusikia. Njiani kurudi, Kipketer alimshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Wateja wa chini walirudi kidogo kidogo. Kwanza mmoja mwenye haraka, kisha wawili. Hakuna aliyesema nimekusamehe. Walisema gorogoro nne, laini, na wakaonyesha kwa vidole. Kiarie alichaguliwa kuongoza wenzake, na agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba asiye na jaketi la manjano hatoki, hata kama ng'ombe ni wake. Mahali pa Chepngeno palichukuliwa na mwanamume. Hakuna mama aliyejitokeza.

Alifikiri kwamba bila bunduki atatulia. Wapi! Sasa hakuwa na la kufanya kukitokea jambo, na hiyo ikawa mbaya maradufu. Oktoba, watu wakianza kuvuna, aliona kupitia dirishani watu wakikimbia barabarani, midomo wazi. Alitoka nje. Majaketi ya manjano yalikuwa yanateremka kuelekea korongoni, moja, mawili, sita. Wa mwisho alikuwa Sitati, anachechemea. Miguu ya Chepngeno ilimfuata hatua kumi kabla hajaisimamisha. Alirudi, akatoka tena. Alishika ufagio, akauacha. Alitamani kuuma kitu.

Ndipo akamwona Wariara. Alikuwa anapanda kutoka upande wa chini, leso imemwanguka shingoni, mikono imeloa maziwa. Alikuwa amemwacha ng'ombe nusu ya kukamua. Nyumbani kumemshinda kukaa. Alisimama mbele ya kinu, akamtazama Chepngeno kwa muda, kama anayepima kitu kizito kabla ya kukibeba.

"Kuna filimbi," alisema. "Mbili. Ziko upande wa daraja."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna. Ngoja." Wariara aliinamisha kichwa. "Mbwa wa Mburu. Sasa mtu anaita. Si bwana yangu. Anasema wazunguke."

Walisimama hivyo karibu saa nzima, mmoja akisikiliza na kusema, mwingine akitazama vumbi na kueleza alichokiona, maana macho ya Chepngeno yalikuwa makali kuliko ya kijiji kizima. Yeye ndiye aliyeona mahindi yakitikisika mbali kule, na kusema ni ng'ombe, si watu, kwa vile yanavyolala. Yeye ndiye aliyehesabu manjano yakitoka korongoni. Manne. Akahesabu tena.

"Ni wanne," alisema.

Wariara alimshika mkono juu ya kiwiko, kucha zikaingia.

Mawili ya mwisho yalitoka polepole, moja likishikilia jingine begani. Alikuwa Kiarie akimsaidia Sitati, goti limekataa. Ng'ombe walikuwa mbele yao, wote. Wezi walikuwa wamekimbia bila risasi hata moja. Wariara aliachia mkono, akaketi chini barabarani pale pale, miguu imenyooka kama mtoto.

Walipofika, Sitati aliwekwa juu ya gunia la mahindi mlangoni. Alikuwa anatokwa na jasho. Chepngeno alimletea maji katika kikombe cha bati, akasimama mbele yake bila kujua aweke wapi mikono. Mzee alikunywa yote. Alimrudishia kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti akamtazama usoni.

"Bado yanasikia?" aliuliza, akionyesha masikio yake mwenyewe.

"Yanasikia, afande. Kidogo."

"Ongeza maji," alisema Sitati.

Akaenda kuongeza.